Mwaka Niliopima Watoto wa Bombo

Mwezi wa tatu mwaka huu alinipigia simu binti mmoja, akajitambulisha kuwa ni Daktari Upendo, yuko Same, na anawatafuta watu waliopimwa kwetu Bombo, milimani Upareni, wakiwa wachanga, zamani za Mwingereza. Nikamwambia mimi sikupimwa, mimi nilipima. Simu ikanyamaza, nikadhani salio limemwishia, kumbe alikuwa analia. Alisema walikwisha niandika kwenye orodha ya marehemu. Nina miaka themanini na mitatu, magoti yamenigomea lakini masikio na ulimi viko kazini, na sikupenda hata kidogo kuuawa kwenye karatasi na watu wasionijua. Nilimwambia hivyo hivyo. Akacheka huku anapenga kamasi, kisha akasema neno lililonifanya nikae: daftari langu wanalo, limetunzwa vizuri, kurasa zote zinasomeka, na katika safu ya jino la kwanza kuna nafasi moja tu iliyoachwa tupu. "Ni ya mtoto anayeitwa Nakiete. Bibi, unakumbuka kwa nini hukuijaza?" Nikamjibu nimesahau. Huo ulikuwa uongo. Nakiete mwenyewe alikuwa ameniuliza swali linalokaribiana na hilo mara mbili maishani mwake, kwa nini alikuwa mtoto mwembamba, na mara zote mbili nilimdanganya vilevile.

Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na minane, nimemaliza shule, nina mwandiko mzuri na kiburi kinacholingana nao. Alikuja Bombo mwanamke wa Kiingereza, daktari, mrefu, amevaa viatu vya kiume, na watu wakamwita Bibi Mizani kabla wapagazi hawajamaliza kutua mizigo. Alitaka watoto wote waliozaliwa mwaka ule wapimwe kila mwezi mpaka watembee, halafu kila mwaka mpaka wakue, halafu wengine waje wawafuate mpaka uzeeni. Alihitaji mtu wa kumtafsiria Chasu, lugha yetu Wapare, kwa sababu Kiswahili chake alikisoma kwenye kitabu na mama zetu hawakukisoma popote. Siku ya kwanza aliniambia, "Nataka kujua kama mwaka wa kwanza wa mtoto unakaa mwilini mwake hata atakapokuwa mzee." Nikamuuliza yeye atajuaje, maana watoto hao wakizeeka yeye atakuwa kaburini zamani. Wenzangu waliokuja kuomba kazi ileile walinifinya, kwani mzungu hakuulizwa maswali ya namna hiyo. Yeye akanitazama kama mtu aliyepata alichokuwa anakitafuta. "Sitajua," akasema. "Atajua mwingine. Kwa hiyo wewe utaandika kile ambacho macho yako yanaona, siyo kile ambacho moyo wako unataka." Tangu siku ile nilimpenda, na bado nampenda, ingawa alikuwa na hasira za karibu.

Nilipewa chumba nyuma ya zahanati. Kuta zake mtu aliyekaa kabla yangu alizibandika magazeti ya zamani kuzuia baridi, nami nikijilaza mchana nilisoma bei za sabuni za miaka iliyopita. Kulikuwa na kitanda cha kamba, sanduku langu, na harufu ya dawa ya vidonda ambayo iliingia mpaka kwenye makande. Makande tulikula pamoja, mimi na Bibi Mizani, kwenye meza ileile ya madaftari. Yeye aliondoa maharage moja moja akayapanga ukingoni mwa sahani, na mimi nikiyatazama yanavyopotea bure. Asubuhi za kupima, akina mama walipanga foleni barazani, na kwa kuwa ukuta ulikuwa wa mbao nilisikia kila walichosema. Mwanzoni walisema hii ni mbiru nyingine imekuja kwa mlango wa nyuma. Mbiru ni ile kodi iliyopimwa kwa mali ya mtu, ambayo waume zao waliikataa wakashuka mpaka Same na kukaa huko wakigoma, na wake zao wakawafuata. "Walipima migomba na ng'ombe," nilimsikia mmoja akisema, "sasa wanapima watoto. Mwenye mtoto mnene atalia." Mwezi ule wa kwanza waliletwa watoto wembamba kuliko wote milimani. Ilinibidi nitoke nje nicheke, kisha nikawaeleza, na mwezi uliofuata wanene wakaonekana.

Daftari lilikuwa na safu nyingi: uzito, urefu, chakula, magonjwa. Na ilikuwepo safu ya jino la kwanza, limeota mwezi gani, juu au chini. Bibi Mizani hakujua alichokiuliza. Kwao jino ni jino. Kwetu Upareni mtoto aliyetanguliza meno ya juu aliitwa kigego, na zamani hakuachwa aishi, kwa kuwa iliaminika atawamaliza ndugu zake. Mwaka ninaousema kanisa na serikali vilikuwa vimekomesha kuua, lakini hofu haikukoma. Kigego alishushwa tambarare, akapewa watu wa mbali, na nyumbani jina lake halikutajwa tena, hata kwenye sala. Mimi nililijua jambo hili na sikumwambia daktari. Nilijitia msomi, nikaona haya. Nilitaka atuone sisi ni watu waliokwisha toka huko. Basi nikawauliza akina mama swali lile kwa uso mkavu, nao wakanijibu kwa uso mkavu kwamba ni chini, nami nikaandika chini, chini, chini, ukurasa mzima, kwa mwandiko wa kupendeza.

Mmoja wa akina mama wale, Debora, alikuwa amenizidi miaka miwili au mitatu tu. Mumewe alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge, naye aliishi na mama mkwe wake upande wa pili wa ndiva, lile bwawa la kumwagilia mashamba. Binti yake wa kwanza alipewa jina la mama mkwe, kama ilivyo desturi, Nakiete. Mtoto aliletwa vizuri mpaka mwezi wa tano, akafikia ratili kumi na mbili. Mwezi wa sita hakuletwa. Wa saba hakuletwa, majirani wakasema ana surua. Wa nane Debora akaja na mtoto amefungwa kwenye mbeleko gubigubi, akasema tusimvue, upepo utamrudishia ugonjwa. Nikamtundika hivyo hivyo kwenye mizani: ratili kumi na nane. Bibi Mizani alisimama, kalamu ikaanguka. Debora alikuwa mmoja wa waliopewa maziwa ya unga na zahanati, na hapo yule mwanamke asiyetabasamu hovyo akapiga makofi barazani. "Maziwa!" akasema. "Surua, na bado ratili sita zaidi! Nitawaandikia kwetu barua leo leo." Mimi nilikuwa namtoa mtoto kwenye mizani. Mbeleko ilifunguka kidogo, naye akanikojolea kuanzia kifuani mpaka kidevuni, kwa namna ambayo mtoto wa kike hawezi kukojoa hata afundishwe. Nilimtazama Debora. Naye alinitazama. Sijawahi kuona mtu akiomba kiasi kile bila kufungua mdomo. Nikamrudishia yule mvulana, ambaye baadaye nilijua ni mtoto wa dada yake aliyeolewa kijiji cha Maore, na nikaandika kumi na nane mbele ya jina la Nakiete.

Kesho yake nilichukua mizani ndogo ya mkono nikaificha kwenye kikapu chini ya majani ya maboga, nikaenda. Mama mkwe alikuwa uani anapukuchua maharage. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu, mzee wa kanisa, ambaye mkutano ulinyamaza yeye akikohoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kumwona mgonjwa? Surua haipendi wageni."

"Daktari amenituma, mama."

"Haya. Ingia kwa mwenyewe." Hakuinua macho kutoka kwenye maharage.

Chumba cha ndani hakikuwa na dirisha. Palikuwa na kitanda cha miti, moshi wa siku nyingi, na upande wa pili wa fito mbuzi wawili wakitafuna. Debora alikuwa amekaa sakafuni na mtoto mapajani. Sikuhitaji kuuliza kitu. Aliingiza kidole akamwinulia mtoto mdomo, na pale juu yalikuwepo meno mawili, meupe, mazuri kama meno ya mtoto yeyote. Chini palikuwa fizi tupu. Nikatundika mizani kwenye boriti. Ratili kumi na nusu. Miguu ya mtoto ilikuwa imelegea, na ngozi yake ilikuwa na rangi ya mmea uliofunikwa na chungu.

"Nangoja ya chini," Debora aliniambia. "Yakitoka ya chini, nani atajua yapi yalitangulia? Wiki ya tisa sasa nangoja. Kila siku napapasa."

"Jua je? Hajatoka nje wiki tisa?"

"Nimtoe wapi? Mama yuko uani kutwa." Alisema kwa sauti ya chini mno. "Raheli, huyu ana jina lake. Jina la mama mwenyewe limeingia kwa kigego. Akijua, mwanangu anashuka mlima."

Nilimuuliza mtoto anakula nini. Akasema ziwa lake tu, nalo linakauka, kwa kuwa yeye mwenyewe chakula hakipiti. Uji hampi, kwa sababu uji hupikwa na mama mkwe, na nani ajuaye mama mkwe anatia nini. Maziwa ya unga je? Hayo pia yanakorogwa kwenye jiko la mama mkwe. Nilitoka mle ndani nimebeba kikapu changu na akili imegawanyika. Nikimwambia Bibi Mizani, angekuja na sanduku lake na sauti yake, na Bombo nzima ingejua kabla hajafika mlangoni. Nikinyamaza, mtoto angekufa akiwa na ratili kumi na nane kitabuni. Nilitembea kuelekea ndiva nikiwa na hasira na kila mtu, na zaidi na mwandiko wangu.

Nilisikia mtu nyuma yangu. Alikuwa mama mkwe, amenifuata bila viatu, maharage bado yamo kwenye pindo la kanga yake.

"Amefika ratili ngapi?" akauliza.

"Mama?"

"Usinifanye mjinga. Nimesikia boriti ikilia ulipomtundika. Ngapi?"

"Kumi na nusu."

Akakaa kwenye ukingo wa ndiva. Akasema, "Mnadhani mimi ni kipofu. Nilimwogesha mtoto yule siku Debora alipokwenda kuni. Niliziona fizi zimevimba juu kabla ya mama yake. Surua niliitangaza mimi. Dada mtu wa Maore, aliyemleta yule mvulana, hajui njia ya kufika zahanati. Nani unafikiri alimwelekeza?"

"Mbona hukumwambia Debora?"

"Nikisema, nitakuwa nimejua. Nikijua, mimi ni mkubwa wa nyumba ile, lazima nitende. Basi sijui. Napika uji kila asubuhi, nauacha mlangoni, najiondokea. Na kila jioni naukuta umemwagwa kwenye migomba." Akakusanya maharage kwenye pindo. "Migomba yangu inanenepa, mwanangu. Wajina wangu anakauka."

Miaka mingi nimelitafakari jambo hili. Wanawake wawili chini ya paa moja, kila mmoja akimficha mtoto yuleyule ili mwenzake asimwone, na mtoto anakufa njaa katikati ya mapenzi yao. Yule mama aliogopa uji, na yule bibi aliogopa kuulizwa. Sijui ni wapi pengine duniani mtoto angeweza kudhoofika kwa njia hiyo. Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikuwa na adabu ya kutosha, namshukuru Mungu. Nilimshika mkono mtu mzima aliyenizidi miaka arobaini, nikamwambia, "Mama, rudi," nikamvuta. Angeweza kunizaba kofi. Alinifuata. Tuliingia chumba cha ndani wote wawili, na Debora alipomwona alimfunika mtoto kwa mwili wake wote, akapiga kelele iliyowaamsha mbuzi. Mama mkwe alikaa sakafuni. Hakusema neno la kanisa wala la ukoo. Alinyoosha mikono, akangoja, na alingoja muda mrefu, mpaka Debora alipoinuka. Akampakata mtoto, akamtia kidole mdomoni. "Haya, wajina," akamwambia, "niume." Mtoto akamng'ata. Bibi akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, Debora naye, na mimi nikasimama pale na mizani yangu kama mpumbavu, nalia bila kujua nalia upande upi. Kisha bibi akaomba uji wa asubuhi, ambao safari hii ulikuwa haujamwagwa. Akaunywa yeye kwanza, nusu bakuli, huku Debora anamtazama kooni. Ndipo akamlisha mtoto.

Kuanzia siku ile Nakiete alitolewa kila asubuhi nyuma ya nyumba, kati ya migomba, kwenye jua, na bibi akakaa mbele uani na maharage yake kama askari wa lindo. Meno ya chini yalitoka baada ya wiki mbili na siku kadhaa. Siku ya kupima aliletwa yeye mwenyewe, na mizani ikasoma kumi na mbili. Bibi Mizani akatazama daftari, akatazama mtoto, akanitazama mimi. "Mtoto hawezi kupoteza ratili sita na kuwa mchangamfu kiasi hiki," akasema. Nilisubiri akina mama waondoke, nikamweleza yote, mpaka maana ya safu ile. Hakupiga kelele kama nilivyotarajia. Aliketi mbele ya sahani ya makande bila kuigusa. "Miezi minane nimekuwa nikiwauliza wanawake hawa swali ambalo wanaliogopa kuliko kifo," akasema, "na wewe ulijua." Nikasema ndiyo. "Kwa nini hukuniambia?" Nikamwambia nilitaka atuheshimu. Aliitikia kwa kichwa, polepole, na aibu niliyoisikia wakati ule sijaisikia tena, hata katika makosa makubwa zaidi. Kisha akachukua kalamu, akaikata ile kumi na nane kwa mstari, akaandika kumi na nusu juu yake, na pembeni, kwa mkono wake, kwamba kosa ni la mkuu wa utafiti. Barua ya maziwa, ambayo bado ilikuwa ikingoja kupelekwa posta, akaichana. Alitaka kuifuta safu ya jino yote. Nikamzuia: wakiona imefutwa wataulizana ni nani aliyesababisha. "Kwa Nakiete tuache tupu," akasema. "Siwezi kuandika chini, na sitaandika juu."

Aliondoka mwaka uliofuata, wengine wakaendelea, uhuru ukaja, na mimi nikaolewa kijiji cha Mamba nikawa na watoto wangu wa kuwapima kwa macho. Debora na mama mkwe wake waliishi pamoja mpaka mkubwa alipofariki mikononi mwa mdogo. Wote wawili waliniomba nisimwambie mtoto, na nikawatii hata walipokwisha ondoka duniani.

Basi nikashuka Same kwenye mkutano wa Daktari Upendo. Ulikuwa ukumbi wenye feni, viti vya plastiki, chai ya maziwa na mihogo ya kuchemsha, na watoto wangu wa Bombo wamekaa kwa safu, vipara na mvi, wakifungwa mikono kupimwa presha. Nakiete alikuwepo, mkunga mstaafu, mnene, mwenye amri, anawapanga wenzake foleni ingawa hakuna aliyemwomba. Daktari Upendo alinikalisha mezani mbele ya daftari langu. Alinieleza kwamba bado wanatafuta jinsi utoto unavyomfuata mtu, majibu mengi hayajapatikana, lakini huyu Nakiete anawasumbua: kwa ukurasa ule alikuwa karibu na kufa, na leo moyo wake unadunda kama wa binti. "Kuna kitu kilitokea kati ya mwezi wa nane na wa tisa," akasema. "Kitabu hakisemi." Nakiete alikuwa ameshafika nyuma ya kiti changu. "Mwulize vizuri," akamwambia daktari. "Mimi nimemwuliza mara mbili, ananidanganya."

Nikasema. Nilisema mbele ya wote, kwa sababu masikio yao hayako vizuri na ilinibidi nipaze sauti. Nilisema meno ya juu, chumba cha ndani, mvulana wa Maore, uji kwenye migomba, na bibi yake kusema niume. Nilipomaliza niliogopa kumtazama mwenyewe. Nakiete alivuta kiti akakaa karibu yangu. "Kwa hiyo mlinificha watatu," akasema.

"Wanne, na mzungu."

Alifuta macho kwa kiganja, akacheka, akagonga meza. "Daktari, andika. Juu. Mimi nimeletewa vigego sijui wangapi, nikawaambia mama zao wasiniletee upuuzi, kumbe nilikuwa najitetea."

Hapo nilidhani mambo yamekwisha. Lakini kutoka safu ya nyuma alisimama mzee mmoja, Yona, fundi seremala wa Bombo, akaja kwa mkongojo mpaka mezani. "Na mimi kitabu kinasemaje?" akauliza. Daktari Upendo akafunua. Chini, akasoma. "Si kweli," akasema Yona. "Mama aliniambia wiki ya mwisho ya maisha yake. Andika juu." Alifungua mdomo kutuonyesha, na hamkuwa na jino hata moja, watu wakacheka mpaka chai ikamwagika. Wakati bado wanacheka, mwanamke mmoja upande wa dirisha akanyoosha mkono. Kisha mwingine. Nilitazama safu yangu, ile niliyojivunia miaka yote, chini, chini, chini, na kwa mara ya kwanza nikaona ni nyumba ngapi mlimani zilikuwa na chumba cha ndani, na ni akina mama wangapi walinitazama kwa uso mkavu ili mtoto abaki nyumbani. Daktari Upendo akanisogezea kalamu, akasema masahihisho afanye mwenye mwandiko. Nikaishika. Nikamwandika Nakiete, nikamwandika Yona, kisha nikauliza nani anafuata.